Kilele cha Jumatatu

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kutazama unga mweupe ukipigwa na mwanga usioonekana. Mtaani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, nilipoulizwa nasomea nini nilijibu "kemia", nikitumaini maswali yataishia hapo. Hayakuishia hapo. Kwetu mtu haachiwi aende na neno moja. Utaulizwa kemia ya nini, ya dawa au ya sabuni, na ukimaliza itakupa kazi gani. Mimi si mtu wa subira, lakini nilijifunza kueleza, kwa sababu nisipokuwapo aliyeulizwa alikuwa mama yangu, naye hueleza apendavyo. Alikuwa ameshawaambia majirani kwamba nagundua petroli.

Unga wenyewe ni oksidi ya zinki, ule ule uliomo katika mafuta ya kupaka watoto wenye vipele. Ukiupitishia gesi mbili, kaboni dioksidi na hidrojeni, kisha ukaupasha moto, molekuli za gesi hutua juu ya uso wa punje, hushikana nao, hubadilika, halafu huondoka zikiwa kitu kingine. Unga hubaki vile vile, ndiyo maana huitwa kichocheo. Wengi katika fani yetu wanatumaini kwamba siku moja moshi wa viwanda utageuzwa spiriti kwa njia hiyo. Mimi sikuwa nikigeuza chochote. Nilikuwa nachungulia tu ni molekuli gani zimetua pale juu, na kwa joto gani.

Mwanga ninaousema ni infraredi. Kila kiungo baina ya atomu mbili hutikisika kwa kasi yake, na humeza mwanga wa kasi hiyo hiyo. Mashine huchora mahali ambapo mwanga umemezwa, na kwenye kioo cha kompyuta panaonekana kilele. Kilele cha hapa ni kaboni na hidrojeni, cha pale ni kaboni na oksijeni. Ukishazoea, unamjua mgeni kwa hatua zake ngazini kabla hajabisha hodi.

Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani upande wa Kizingo, penye miti mingi na watu wachache wa kwenda kwa miguu. Mimi nilikwenda kwa miguu. Tulikuwa watatu: profesa aliyenisimamia, mimi, na fundi wa maabara. Fundi alikuwa mtu wa bara, Mkristo, wa umri wa kuweza kunizaa, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli kabla ya kuja kwetu. Aliishi ng'ambo ya Makupa na kila asubuhi alifika kabla ya wote. Alikuwa mtu wa maneno machache, akiniita dada ijapokuwa ningeweza kuwa bintiye, na alikuwa na daftari kubwa aliloandika joto la chumba, unyevu wa hewa, na nani ametumia mashine saa ngapi.

Unyevu ndio uliokuwa adui yetu. Hewa ya kisiwa chetu ina maji mengi, na maji humeza infraredi kwa pupa. Unga uliokaushwa kwenye tanuri ukiachwa wazi hunywa maji ya hewani mara moja. Dawa yake ni kuuhifadhi ndani ya chombo cha kioo chenye shanga za kukausha, ambazo huwa za buluu zikiwa na nguvu, na hugeuka waridi zikichoka. Shanga zetu zilikuwa za waridi mwaka mzima. Kwa hivyo mimi nikabuni njia yangu. Nilitia unga ukiwa bado wa moto kwenye kichupa, nikakiziba kwa pamba ili mvuke upate kutoka, na nikakiweka katika mfuko wa kifuani wa koti langu la maabara, karibu na joto la mwili, mpaka mashine iwe tayari. Profesa hakujua. Niliona ni ujanja mdogo wa mtu anayefanya kazi Mombasa, na nilijisifu nao kimoyomoyo.

Wiki yetu ilikuwa na mpangilio usiobadilika. Jumatatu ilikuwa siku ya gesi, kwa sababu profesa alitaka mitungi ifunguliwe wakati fundi yupo na wiki nzima iko mbele yetu, pakitokea kuvuja. Alhamisi ilikuwa siku ya jaribio tupu, yaani kuupasha unga ule ule moto kwa namna ile ile bila gesi yoyote, ili tujue unga unasema nini peke yake. Ijumaa tulifanya kazi nusu siku, kisha mimi nikaenda zangu nyumbani.

Mwezi wa tatu wa mwaka wangu wa pili, Jumatatu, joto likiwa nyuzi themanini tu, vilele vitatu vilichomoza. Vilikuwa mahali pale pale vinapokaa vilele vya fomati, kipande kidogo cha kaboni moja, oksijeni mbili na hidrojeni moja, ambacho ni hatua ya kwanza katika safari ya gesi kuwa spiriti. Kila nilichokuwa nimesoma kilisema fomati huonekana kwenye joto la karibu mara mbili ya hilo. Pembeni palikuwa na vinundu viwili vidogo vya mafuta, ambavyo kila mwenye mashine kama hii huviona na kuvisingizia pampu ya kunyonya hewa, inayovuja mafuta. Nami nikavisingizia pampu.

Nilimwita profesa. Aliangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. "Alhamisi fanya jaribio tupu," alisema. Alhamisi mstari ulikuwa tambarare. Jumatatu iliyofuata vilele vilirudi. Alhamisi, tambarare. Tukaenda hivyo miezi saba, na mimi nikawa natembea kama mtu aliyeokota kitu na hakuna aliyemwona. Tasnifu yangu ya uzamili ilijengwa juu ya vilele hivyo vitatu. Profesa aliandikia maabara moja ya ng'ambo, nao wakajibu kwamba matokeo haya yakisimama watanipa nafasi ya kusomea udaktari. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Kilele kikianguka, nami naanguka.

Nyumbani habari ilifika kabla sijaisema yote. Mama alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mapokezi ya zahanati moja Makadara, na sasa alikuwa amestaafu, na mtu aliyezoea kupokea watu hamsini kwa siku akistaafu anahitaji jambo la kushughulikia. Jambo lake lilikuwa koti langu la maabara. Mashine ya kufulia hakuiamini. Alilifua kwa mikono kila Jumamosi, akalianika, Jumapili akalipiga pasi mpaka kola ikasimama, kisha akageuza tenga kifudifudi, akaweka chetezo cha makaa chini yake na koti juu, akalifukiza udi. Nguo zote nyumbani kwetu hufukizwa, shuka, kanga, mabuibui, na sikuwahi kulifikiria hilo zaidi ya ninavyofikiria chumvi kwenye wali. Alikuwa akinikabidhi likiwa limekunjwa, na akisema, "Haya, daktari." Nilipenda sana kuitwa hivyo.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mtungi uliochelewa. Jumatatu moja gesi haikuletwa, na mimi, kwa kutopenda kukaa bure, nikamwambia fundi kwamba nitafanya jaribio tupu siku hiyo, Alhamisi nitatumia gesi. Nikatoa kichupa mfukoni, nikapakia unga, nikaanza kupasha. Kwenye nyuzi sitini hakukuwa na kitu. Kwenye themanini vikachomoza, vyote vitatu, virefu kuliko kawaida.

Hapakuwa na gesi. Mirija ilikuwa imefungwa na mtungi wa zamani ulikuwa mtupu. Nilikagua mabomba yote kwa maji ya sabuni nikitafuta povu. Nikazima, nikawasha, nikapakia unga mwingine kutoka kwenye kichupa kile kile, na vikarudi. Nilikuwa na hasira, maana nikiogopa huwa nakasirika kwanza. Nikamgeukia fundi.

"Umegusa nini?" nilimwuliza.

"Sijagusa kitu, dada."

"Basi umesimama hapo unanitazama nini?"

Alikwenda kwenye meza yake, akalifungua daftari, akalifunga. Akarudi, akasimama mbali kidogo kuliko mwanzo.

"Dada, naweza kukuuliza kitu na usikasirike?"

"Nimeshakasirika. Uliza."

"Hilo koti lako. Siku ya Jumatatu huwa linanukia." Aliangalia sakafu. "Linanukia vizuri, sisemi vibaya. Jumanne bado. Jumatano kidogo. Alhamisi hakuna."

Nililishika koti kifuani, pale penye mfuko. Kwa pua yangu halikuwa na harufu yoyote ila ya nguo safi. Mtu aliyekulia ndani ya udi haunusi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza uliyokuja."

"Na kwa nini hukusema?"

Hapo alinyanyua uso, na nikaona kwamba swali lenyewe lilimwudhi. "Nikwambie vipi? Mimi mwanamume, wewe binti wa watu, Mwislamu, tuko wawili chumbani. Niseme nakunusa? Mwenzangu mmoja wa reli aliniambia hiyo harufu ni ya maharusi. Nilisema hayo si yangu. Na sikujua kama inaingia kwenye mashine."

Nilimfokea. Nilimwambia adabu yake imeniua. Alisubiri mpaka nikamaliza, halafu akanisaidia kufanya yale yaliyotakiwa kufanywa. Unga mmoja tuliugawa mafungu mawili. Nusu ilikaa saa moja mfukoni mwa koti, imezibwa kwa pamba kama kawaida, na nusu ilikaa kwenye chombo cha kioo chenye shanga ambazo fundi alizikausha upya tanurini saa ile ile. Nusu ya mfukoni ilitoa vilele vitatu na vinundu viwili. Ile nyingine ilitoa mstari tambarare. Tukarudia mara nne, kwa sababu nilikuwa bado natafuta njia ya kutoroka.

Moshi wa udi una asidi na mafuta mepesi yanayonasa kwenye nyuzi za kitambaa. Joto la kifua changu lilikuwa likiyatoa polepole, yanapita kwenye pamba, yanatua kwenye unga. Unga ule una njaa, hushika chochote kipitacho, na yakipashwa moto yanageuka vipande vinavyofanana na fomati kiasi cha kumdanganya mtu anayetaka kudanganyika. Jaribio langu tupu lilikuwa la kweli kila mara. Ila nililifanya Alhamisi, koti limeshaisha harufu.

Profesa nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema, "Waandikie wenyewe," akimaanisha watu wa ng'ambo. Nikawaandikia. Walijibu kwa upole mwingi kwamba wanathamini ukweli wangu na kwamba nafasi ile wamempa mtu mwingine. Mimi nikaongezewa mwaka mmoja nianze upya.

Nilibandika karatasi mlangoni mwa maabara, kwa mwandiko wangu: makoti hayatoki, yanafuliwa hapa hapa. Nyumbani nilisema ni kanuni mpya. Haikuwa uongo, ijapokuwa aliyeitunga kanuni nilikuwa mimi.

"Na nani atalifua?" mama aliuliza.

"N'talifua mwenyewe."

"Wewe hujui kupiga pasi kola."

"Mama, ni koti la kazi tu."

Alisema, "Haya." Kuhusu nafasi ya ng'ambo nilimwambia kwamba mashine ilitudanganya, na kwa wiki kadhaa aliilaani mashine mbele ya kila mgeni, kwamba imemwonea mwanawe, kwamba vitu vya mitumba ndivyo vilivyo. Nilikuwa nikisikia kutoka chumbani, na nilikuwa nikiona aibu, na sikutoka kumsahihisha. Nilijiambia namlinda. Atafanya nini na habari kwamba ni mkono wake? Hataweza kuurudisha moshi ndani ya chetezo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miezi kumi na moja, na kila Jumamosi nilikuwa na sababu ya kutokuwapo nyumbani saa ya kufua.

Matokeo ya mwaka ule wa ziada yalikuwa madogo na safi. Fomati ilitokea kwenye joto lile lile ambalo wengine walikuwa wameliona, na mimi nikaongeza jambo moja kuhusu jinsi unyevu unavyoichelewesha, jambo ambalo mtu wa nchi kavu asingelifikiria. Sura moja ya tasnifu niliitenga kwa kosa lile. Chanzo chake nilikiandika kwa lugha ya kujificha: mvuke wa kikaboni wenye asili ya nyumbani.

Siku ya kuitetea tasnifu ukumbi ulikuwa wazi kwa wote, na mama akaja. Alivaa buibui jipya. Alikaa safu ya nyuma, karibu na fundi, na nikawaona wakisalimiana kirefu, jamaa hawajambo, nyumbani salama, yeye akimshukuru kwa kunitunza na fundi akiinamisha kichwa. Mazungumzo ya ukumbini yalikuwa ya Kiingereza, lakini mtu aliyepokea wagonjwa na mabaharia wa kila taifa miaka yote ile hahitaji mkalimani.

Mtahini wa nje alikuwa mwanamke kutoka bara, mwenye sauti ya chini. Aliuliza maswali ya kawaida, nikayajibu. Kisha akafungua sura ya kosa.

"Hapa unaniomba nikuamini tu," alisema. "Mvuke wa nyumbani. Mvuke gani? Kama hukijui chanzo, sijui kama mwaka wako wa ziada ni safi. Na kama si safi, hakuna tasnifu hapa."

Hakusema kwa ubaya. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo. Nilimtazama profesa, naye akawa anapanga karatasi zake. Nyuma ukumbini fundi alikuwa ametazama viatu vyake.

"Ni udi," nilisema.

"Udi ni nini?"

Nikaeleza. Vipande vya mti wenye harufu, makaa, chetezo, tenga, nguo juu yake. Nilieleza kuhusu Jumapili na Jumatatu, na jinsi harufu inavyoisha kufikia Alhamisi. Mtahini aliandika kila kitu, na niliona anapendezwa.

"Na ulikuwa ukilifukiza koti lako la maabara wewe mwenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno moja, na lisingeharibu kipimo hata kimoja. Lakini swali lake la pili lingekuwa kwa nini nilifanya hivyo kila wiki nisishuku kitu, na sikuwa na jibu ambalo lingesimama.

"Ni mama yangu," nilisema. "Mimi sikuweza hata kuunusa. Na kichupa nilikitia mfukoni mimi, kinyume cha utaratibu. Hilo lilikuwa kosa langu."

Watu wawili watatu walicheka, kicheko kizuri tu, cha kufurahia kisa. Mtahini naye alitabasamu, akafunga kitabu. Nilifaulu. Wakati wa kupeana mikono mama alikuja mbele, akampa mkono profesa, akampa mkono mtahini, akamwambia ahsante kwa Kiingereza kilichonyooka, akasimama kwenye picha zote walizotaka asimame.

Tulirudi nyumbani kwa tuktuk. Pale Makadara mama aliisimamisha, akashuka kununua viazi karai vya wageni watakaokuja, akachagua vile vya moto, akamwambia mwuzaji kwamba mwanawe amemaliza. Njia nzima aliongea kuhusu wageni. Tulipofika alivua buibui, akalitundika, akakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

"Umejua lini?" aliniuliza.

"Mwaka jana. Jumatatu moja, gesi haikuja."

"Na ile nafasi ya ng'ambo ilikwenda kwa hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Yule fundi alijua?"

"Alijua."

"Na profesa wako."

"Alijua."

"Na yule mama wa bara amejua leo. Mimi n'liyekaa na chetezo ndiye wa mwisho."

Nilianza kumweleza kuhusu mfuko, kuhusu pamba, kwamba bila ujanja wangu udi wake usingedhuru kitu. Aliinua mkono kunikatiza.

"Ungen'ambia siku ile," alisema, "Jumamosi yake ningelilifua bila udi. Udi ni nini? Ningeuacha, ningelifua tu." Alikuwa akitazama mikono yake. "Mwaka mzima, ulivyoninyima lile koti, nadhani wewe wanionea haya."

Nilimwambia sivyo. Nilimwambia mara tatu, nimepiga magoti mbele ya kiti chake, na nilikuwa nalia. Alisema haya, amesikia. Kisha hodi ikapigwa mlangoni, wakaingia majirani wa kwanza na vigelegele, naye akasimama, akavua viatu, akaenda kupokea hongera.